Kabati la vitabu vya Ba: nianze na kipi, na je, ni lazima kwanza nipate guru?

Msomaji mmoja wa Mwanza ameandika hivi: “Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa na kukulia hapa hapa Mwanza. Kigujarati nakisikia na kukizungumza lakini kukisoma siwezi, na Kisanskriti sikijui kabisa. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Ba, alifariki mwaka jana, na kabati lake la vitabu vya dini limeangukia kwangu. Nimekuta humo Gita ndogo iliyochakaa, Ramayana ya Tulsidas, kijitabu cha Shikshapatri, Bhagavata iliyofupishwa, na juzuu nne za Veda ambazo baba alizinunua India na ambazo sidhani kama kuna mtu amewahi kuzifungua. Nataka kusoma kwa dhati, ila sijui nianzie wapi. Tena kaka yangu, ambaye kwa miaka miwili sasa anamfuata guru mmoja kwenye simu na kumtumia michango, ananiambia kwamba kusoma bila guru ni kupoteza muda, na kwamba niviache vitabu vyote nisome vya guru wake tu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, guru nitampata wapi hapa Mwanza?”

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na Ba. Umeuliza maswali mawili, la vitabu na la guru, yaani mwalimu wa kiroho, na kaka yako anataka ulimalize la pili kabla ya kuligusa la kwanza. Mimi nitakushauri uende kinyume chake. Si kwamba guru hana maana. Ana maana kubwa, na nitaieleza. Lakini mizani ya kumpimia guru imo humo humo katika maandiko uliyorithi, na mtu aendaye sokoni bila mizani atakubali uzito wowote atakaotajiwa.

Mtoto wa Kihindu aliyesoma shule pamoja na Waislamu na Wakristo huwa ameulizwa na wenzake, “Kitabu chenu nyinyi ni kipi?”, naye akajibu “Gita” ili mazungumzo yaishe. Jibu hilo si kosa, lakini limeficha jambo unalopaswa kulijua mapema: Uhindu hauna msahafu mmoja wenye jalada la mwanzo na la mwisho. Una maktaba, na maktaba hiyo ina madaraja mawili. La kwanza ni shruti, yaani “yaliyosikiwa”, ambayo ni Veda nne pamoja na sehemu zake za mwisho ziitwazo Upanishadi. Hizi hazihesabiwi kuwa zimetungwa na mtu. La pili ni smriti, yaani “yaliyokumbukwa”: Mahabharata, utenzi mrefu ambao Gita ni sehemu yake, Ramayana, utenzi wa Rama, Purana kuu 18 zenye visa vya kale vya miungu, na vitabu vya sheria na desturi. Smriti inaheshimiwa mno, na kwa kweli ndiyo inayosomwa majumbani, lakini kwa kanuni ya wanazuoni wenyewe ikigongana na shruti, shruti ndiyo hushinda. Mahabharata peke yake inahesabiwa kimapokeo kuwa na shloka, yaani beti, laki moja. Hakuna anayetarajiwa kuimaliza maktaba hii, na hakuna mtu wa dini aliyemtaka Ba aimalize.

Tuziweke kando kwanza zile juzuu nne za baba. Najua inauma, maana ndizo zenye jina kubwa kuliko vyote vilivyomo kabatini, na mtu mwenye ari hutaka kuanza na kilicho kikubwa. Rigveda ina nyimbo 1,028 katika mafungu 10, na wimbo wa kwanza unamsifu Agni, moto wa sadaka. Anayeufungua bila maandalizi hukutana na moto, siagi, farasi na alfajiri, ukurasa baada ya ukurasa, akadhani dini ya nyumbani kwao ameikosa. Kwa karne nyingi nyimbo hizi zilihifadhiwa kwa sauti, kinywa kwa kinywa, kwa lafudhi iliyolindwa silabi kwa silabi, na kazi yake ilikuwa katika ibada, si katika kusomwa kimya kitandani. Hata hivyo, wewe tayari unajua sehemu yake: sala ya Gayatri uliyofundishwa utotoni ni ubeti wa Rigveda, fungu la 3, wimbo wa 62, ubeti wa 10. Tena kuna hazina nyingine ambayo huenda baba hakujua kwamba ameinunua. Ikiwa juzuu ya Yajurveda ni ile iitwayo Yajurveda Nyeupe, fungua sura yake ya mwisho, ya 40. Hiyo ndiyo Isha Upanishadi, yenye beti zisizozidi 18, nayo tutairudia.

Kijitabu cha Shikshapatri ni chembamba kuliko vyote lakini kimenieleza habari za nyumba yenu kuliko vingine. Kiliandikwa na Swaminarayan, mwanzilishi wa mapokeo yenye jina lake, huko Vadtal, Gujarat, mwaka 1826, nacho kina shloka 212 za mwongozo wa maisha: kula, kuvaa, kukopa na kulipa, kuheshimu wazee, kusali. Ikiwa utotoni ulivishwa kanthi, ule uzi wa shanga za mmea mtakatifu wa mtulasi shingoni, basi umeingizwa katika sampradaya, yaani mapokeo yenye mlolongo wake wa walimu, kabla hujajua kusoma. Na angalia jambo hili: ndani ya kijitabu hicho Swaminarayan mwenyewe anawatajia wafuasi wake maandiko manane anayoyapenda, yakiwemo Veda, sutra (kanuni fupi fupi) za Vyasa, Bhagavata, ambayo ni Purana ya Krishna, na Gita. Kumbe swali lako, “nisome kipi?”, liliulizwa zamani, na nyumba yenu ilipewa orodha.

Nyumba nyingine ilipewa orodha nyingine. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 huko Bombay na kufika Nairobi mwaka 1903, inasema Veda ndizo hukumu ya mwisho na Purana si za kutegemewa. Wafuasi wa Vallabha, mwalimu wa ibada ya Krishna, ambao ni wengi miongoni mwa Wabhatia na Walohana waliokuja pwani yetu kufanya biashara, wataiweka Bhagavata juu kabisa. Ukiwauliza watu watatu wa jamii tatu ukiwa kwenye karamu moja ya harusi, utapata majibu matatu, na kila mmoja atakuwa amesema kweli ya nyumbani kwake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitabu, waulize wazee wenu ninyi ni wa mapokeo gani. Sikwambii ufungwe nayo maisha yako yote. Nakwambia uanzie pale uliposimama, kwa sababu ndiko utakakopata watu wa kuuliza, sala zinazokitumia kitabu hicho, na siku za mwaka kinaposomwa hadharani.

Kitabu cha kuanzia, basi, ni Gita, ile iliyochakaa. Ina sura 18 na shloka 700, na imo ndani ya Mahabharata, katika kitabu cha Bhishma, majeshi mawili ya ndugu yakiwa yamepangana katika uwanja wa Kurukshetra. Nimewasikia waalimu wakiwaambia wanafunzi wairuke sura ya kwanza kwa kuwa ni orodha ya majina ya wapiganaji. Mimi naona huo ni ushauri mbaya. Sura ya kwanza ndiyo inayokuonyesha Arjuna, mmoja wa wapiganaji, akiangalia ng’ambo na kuwaona babu zake, wajomba na mwalimu aliyemfundisha upinde. Mkono unamtetemeka, upinde unamponyoka, ngozi inamuwaka. Usipomwona katika hali hiyo, hutaelewa kwa nini mazungumzo yalianza. Kisha angalia kwa makini sura ya 2, shloka ya 7. Mpaka hapo Krishna, ambaye ni Mungu katika umbo la mtu, amekuwa rafiki na mwendesha gari lake, na alichompa ni maneno mafupi ya kumkemea rafiki aliyelegea. Ni Arjuna anaposema, “Mimi ni mwanafunzi wako, nifundishe,” ndipo mafundisho yanapoanza. Hivyo kitabu chenyewe unachotaka kukisoma ni kisa cha mtu aliyepata guru, na guru huyo alikuwa karibu naye miaka yote bila kuitwa kwa jina hilo.

Kuhusu lugha usijidharau. Tulsidas alikijua Kisanskriti, lakini alipoanza kuandika Ramayana yake huko Ayodhya mwaka 1574 aliiandika kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa mashambani. Jnaneshwar aliifafanua Gita kwa Kimarathi mwaka 1290. Tafsiri si aibu. Ila kila tafsiri ni uamuzi wa mtu, na nitakuonyesha kwa mfano mmoja tu. Shloka ya 47 ya sura ya 2, ambayo bila shaka umeisikia ikinukuliwa, inaanza kwa maneno karmany evadhikaras te. Neno adhikara unalijua, maana katika Kigujarati cha nyumbani linasikika kuwa “haki”. Ukilitafsiri hivyo unapata: “Una haki ya kutenda tu, huna haki ya matunda.” Linageuka kuwa neno la bwana kwa kibarua, na wapo waliolitumia hivyo hivyo. Lakini adhikara pia ni mamlaka, eneo ambalo mtu ana uwezo nalo. Sasa soma tena: “Mamlaka yako yako juu ya tendo, kamwe si juu ya matunda yake.” Hapo linakuwa neno la mkulima anayejua kwamba kupanda ni kwake na mvua si yake. Shloka ni ileile. Ndiyo maana nakushauri uwe na tafsiri mbili mezani, usome shloka moja katika zote mbili, na pale zinapotofautiana uweke alama. Alama hizo ndizo zitakazokuwa maswali yako. Gita Press ya Gorakhpur, iliyoanza mwaka 1923, huchapisha Gita za bei ndogo kwa lugha nyingi, na sitashangaa kama ya Ba ilitoka huko.

Baada ya tafsiri kuna ufafanuzi, na hapa wanaoanza wengi hupotea. Shankara, wa karne ya 8, anasoma Gita na kuona kwamba mwisho wake ni ujuzi wa kuwa nafsi na Brahman, yaani uhalisi wa juu kabisa, ni kitu kimoja. Ramanuja anasoma shloka zilezile na kuona Bwana mwenye sifa anayependwa na waja wake. Madhva, karne ya 13, anasisitiza kwamba Mungu na nafsi ni wawili daima. Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika ufafanuzi wake akiwa kifungoni Mandalay, ukachapishwa mwaka 1915, anasema kitabu hiki ni cha kutenda. Ukichanganya wote wanne katika mwezi wa kwanza utabaki na kelele. Chukua sauti moja, ikiwezekana ya mapokeo yenu, uimalize, kisha ndipo usikie ya pili. Mpango ninaoupendelea ni kusoma sura za 1 hadi 3 polepole, shloka tatu au nne kwa siku, kisha kuruka hadi sura ya 12, ambayo ina shloka 20 tu na inaeleza bhakti, yaani ibada ya upendo kwa Mungu, kwa lugha nyepesi, kisha kurudi nyuma na kwenda moja kwa moja hadi mwisho.

Ramayana ya Tulsidas si ya kusomwa kwa kalamu mkononi. Isomwe jioni, kwa sauti, watoto wakiwepo. Bhagavata iliyofupishwa iache mpaka mwakani, isipokuwa sehemu moja ya kitabu cha 11 ambayo nitaigusa hapa chini. Kuna kitabu kingine ambacho hakimo kabatini lakini utakutana nacho, kwa sababu watu watakurushia: Manusmriti. Hicho ni cha sheria na matabaka, na Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka za chini, na wenzake walikichoma hadharani Mahad tarehe 25 Desemba 1927 kwa yale kinayosema juu ya watu hao. Ni smriti, kwa hiyo ni cha zama zake, na kwa maoni yangu hakina nafasi katika masomo ya mtu anayetafuta njia ya kuishi. Kisome siku utakapotaka kusoma historia.

Ukimaliza Gita, rudi kwenye ile Isha, kisha utafute Katha, Upanishadi nyingine, ambamo kijana Nachiketa anamngoja Mauti nyumbani kwake siku tatu bila chakula na kumbana kwa maswali. Hapo kwenye Upanishadi, binti yangu, ndipo suala la guru linapoacha kuwa mabishano kati yako na kaka yako na kuwa haja ya kweli. Jina lenyewe linaelezwa kuwa ni kuketi karibu, chini, mbele ya mwalimu. Beti zake ni fupi, zimefumbwa, na mara nyingine zinasema mambo yanayopingana kwa makusudi: kinatembea na hakitembei, ki mbali na ki karibu. Mtu akizisoma peke yake huziona ni mashairi mazuri akapita, au akajipa maana inayompendeza.

Chandogya Upanishadi, katika sura ya 6, ina mfano ambao sijaona unaoushinda katika jambo hili. Mtu amechukuliwa kutoka nchi ya Gandhara akiwa amefungwa kitambaa machoni, akaachwa nyikani. Anapiga kelele kuelekea mashariki, kaskazini, kusini: “Nimeletwa nimefungwa macho, nimeachwa nimefungwa macho!” Mpita njia anamfungua kile kitambaa na kumwambia, “Gandhara iko upande ule, nenda upande ule.” Naye, akiwa na akili zake, akiuliza kijiji hadi kijiji, anafika kwao. Ndivyo, linasema andiko, anavyojua mtu aliye na mwalimu. Tazama ni kipi alichokifanya mpita njia na kipi hakukifanya. Alifungua kitambaa na akanyoosha kidole. Hakumbeba mgongoni, wala hakumtoza kila kijiji, na hakumwambia asiulize njia kwa mtu mwingine. Kinyume chake, safari nzima ilitegemea kuuliza wengine. Nao mguu uliotembea ulikuwa wa yule msafiri.

Kaka yako, basi, ana nusu ya ukweli. Mundaka Upanishadi inasema waziwazi kwamba anayetaka ujuzi huo na aende kwa guru, kuni mkononi, ishara ya kuwa tayari kutumika. Lakini sentensi hiyo hiyo inamtaja guru kwa sifa mbili: awe shrotriya, yaani aliyeyasoma maandiko na kuyapokea kutoka kwa mwalimu wake, na awe brahmanishtha, aliyetulia katika Brahman. Sifa ya pili ni ngumu kuipima kwa macho, ila ile ya kwanza inapimika: alisoma nini, kwa nani, na mwalimu wake alisoma kwa nani? Waswahili wa pwani hawana haja ya kuelezwa jambo hili, kwani sheikh wa tarika huulizwa silsila yake na mwalimu wa darsa huulizwa ijaza yake. Mlolongo huo kwa Wahindu huitwa parampara. Gita nayo, sura ya 4 shloka ya 34, inataja mambo matatu ya kumwendea mwalimu: kuinama, kuuliza na kutumika. Neno lililotumiwa kwa kuuliza, pariprashna, ni kuuliza kutoka pande zote. Guru anayetaka kuinamiwa na kutumikiwa lakini asiyetaka kuulizwa amelikata andiko katikati.

Usimchanganye guru na watu wengine wanaoheshimiwa. Pujari anahudumia hekalu, na pandit anakuja kufunga ndoa na kusoma katha, yaani visa vitakatifu vinavyosomwa hadharani (si ile Upanishadi). Anaweza kuwa msomi, lakini hukumwomba akuongoze. Hata neno guru lina ngazi: kuna anayekupa diksha, yaani anayekuingiza katika mapokeo kwa mantra (maneno matakatifu ya kurudiwa), naye kwa kawaida ni mmoja, na kuna wa shiksha, wanaokufundisha, nao wanaweza kuwa wengi. Katika kitabu cha 11 cha Bhagavata, nilichokuahidi, mtawa mmoja mzururaji anawataja gurus wake 24, na wengi wao si watu: ardhi, bahari, nyuki, buibui. Mmoja ni msichana aliyekuwa peke yake nyumbani wageni wa posa walipofika. Akaingia ndani kutwanga mpunga awapikie, na bangili zake zikawa zinagongana na kulia. Akaona aibu wageni wasijue kwamba anatwanga mwenyewe, akazivua moja baada ya nyingine. Zilipobaki mbili kila mkono bado zililia, mpaka ilipobaki moja tu ndipo kukawa kimya. Mtawa alisimama akatazama, akajifunza kuhusu upweke. Msichana hakujua kwamba amefundisha.

Sasa niseme juu ya pesa, kwa sababu umegusia michango. Mwalimu kupewa kitu si uovu. Taittiriya Upanishadi inamwagiza mwanafunzi anayemaliza masomo amletee mwalimu mali inayompendeza, na dakshina, yaani zawadi hiyo, ni sehemu ya heshima. Lakini soma Brihadaranyaka, sura ya 4, pale Mfalme Janaka, akifurahishwa na neno moja la mwalimu wake Yajnavalkya, anapomwambia, “Nakupa ng’ombe elfu na dume kubwa kama tembo.” Yajnavalkya anajibu kwamba baba yake alishikilia kuwa mtu asipokee kabla ya kumaliza kufundisha. Janaka anarudia ahadi yake tena na tena, na jibu linabaki lilelile. Huyo guru wa kwenye simu anapokea kabla au baada, na anafundisha kitu gani kati ya michango miwili? Kaka yako peke yake ndiye anayeweza kujibu.

Wala kumpima guru si utovu wa adabu. Inasimuliwa kwamba Vivekananda, akiwa bado kijana mbishi, alificha sarafu ya fedha chini ya godoro la guru wake, Ramakrishna, aone kama kweli mwili wake haustahimili kugusa fedha, na kwamba Ramakrishna alipoketi aliruka kwa maumivu; alipojua aliyefanya hivyo hakukasirika, bali alitaka apimwe kama mvunja fedha anavyozipima sarafu zake. Taittiriya ile ile, katika wosia wa mwalimu kwa wanafunzi wanaoondoka, ina neno ambalo ningependa kaka yako alisome kabla hujabishana naye zaidi: matendo yetu yaliyo mema hayo myafuate, si mengine. Mwalimu anakiri kwamba ana mengine. Nayo Gita, baada ya sura karibu 18 za mafundisho kutoka kwa Krishna ambaye Arjuna amekwisha kumwona katika umbo la ulimwengu mzima, inamwachia mwanafunzi neno hili katika shloka ya 63 ya sura ya mwisho: “Yatafakari haya yote, kisha fanya upendavyo.” Mwalimu asiyekuruhusu kusoma kitabu kingine amejipa mamlaka ambayo Krishna hakuyachukua.

Usiyatumie maneno haya kama fimbo ya kumpigia kaka. Nilikuwa na mwanafunzi aliyemkatia ndugu yake uhusiano kwa ajili ya guru wa namna hiyo, na siku guru alipomwangusha yule ndugu, hakuwa na mlango wa kubisha. Mwombe kaka yako msome pamoja shloka moja kila Jumapili, yeye akiwa na kitabu cha guru wake na wewe ukiwa na Gita ya Ba.

Guru utampata wapi Mwanza? Kwa sasa usimtafute. Nenda hekaluni siku za katha, msikilize anayefafanua, na pale sadhu (mtawa) au msomi wa mapokeo yenu anapopita kutoka India, nenda na maswali mawili yaliyoandikwa, uone kama anayajibu hayo au anajibu mengine. Na kama kanthi unayo, diksha ya pili usiipokee kwa haraka. Kama miaka mitatu itapita nawe bado unasoma, utakuwa umejua mwenyewe unahitaji mtu wa namna gani.

Wakati huo, shughulikia ile Gita. Umesema imechakaa, na kitabu hakichakai kwa kukaa kabatini. Kifungue polepole uangalie kurasa zilizolegea, zenye madoa ya manjano au alama za vidole. Hizo ndizo alizozirudia. Kama Foi, dada yake baba, yuko hai na anasoma Kigujarati, mpelekee ukurasa mmoja kati ya hizo, umwombe akusomee shloka na tafsiri yake kwa sauti, nawe uandike kwa Kiswahili kile ulichokielewa. Ukikwama muulize. Naye akikwama, liandikeni swali hilo katika ukurasa wa nyuma wa daftari pamoja na tarehe, kisha mgeukie shloka inayofuata.